Ushuhuda wa Mwalimu: Kweli ya Darasani na Kiingereza cha Maombi

Mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili ya Kakamega huandika karatasi zake za kila siku kwa Kiswahili. Azimio la kazi la muhula, andalio la somo la dakika 40, rekodi ya kazi iliyofunzwa, maelezo ya wino mwekundu pembeni mwa insha: yote huandikwa kwa lugha anayoifundisha. Katika kipindi cha utunzi huwafundisha wanafunzi barua rasmi ya kuomba kazi, yenye anwani mbili, mtajo na mada iliyopigiwa mstari, kisha huwafundisha wasifukazi wenye orodha ya warejelewa mwishoni. Hayo nayo huandikwa kwa Kiswahili. Lakini siku anapoomba yeye mwenyewe ajira, cheo, nafasi ya masomo ya juu au mwaka mmoja wa kufundisha Kiswahili ng'ambo, hutakiwa aeleze kazi aliyoifanya kwa Kiingereza, tena Kiingereza kilicho wazi na sahihi.

Jambo hili huchukuliwa kuwa la kiofisi tu, ilhali ndani yake mna swali la kale la falsafa na la dini: je, mtu anaweza kuisema kweli ya kazi yake kwa lugha ambayo kazi yenyewe haikufanyiwa? Swali hilo lina matawi matatu. La kwanza ni tajriba: ni kitu gani hasa hata kiweze kusimuliwa? La pili ni maadili: anayeeleza kazi yake anatoa ushahidi au anajisifu? La tatu ni usahihi: sarufi njema ina uhusiano gani na ukweli wa yanayosemwa?

Lugha tatu za Kakamega

Mtoto wa Kakamega hukutana na lugha tatu kabla hajamaliza darasa la kwanza. Nyumbani ipo mojawapo ya lahaja za Kiluhya: Kiisukha, Kiidakho, Kitsotso, Kikabras, Kimarama au Kiwanga. Sokoni na kwenye matatu kuna Kiswahili. Shuleni na ofisini kuna Kiingereza. Kila moja ilifika au ilikaa kwa njia yake. Kiswahili kiliingia na wafanyabiashara wa misafara kutoka pwani waliofika Mumias, kitovu cha ufalme wa Wanga, katika nusu ya pili ya karne ya 19, nao Uislamu ukaja pamoja nao. Kiingereza kilikuja na wamisionari na serikali ya kikoloni. Mwaka 1902 Wamarekani watatu wa madhehebu ya Marafiki, yaani Quakers, walianzisha misheni ya Kaimosi, mahali ambapo leo pamo katika Kaunti jirani ya Vihiga. Mwenzao Emory Rees, akisaidiana na Joel Litu, alikifanya Kilogooli, lahaja nyingine ya Kiluhya, kuwa lugha ya maandishi. Agano Jipya kwa lugha hiyo lilitoka mwaka 1925 na Biblia nzima mwaka 1951. Huko Butere, Lee Appleby wa misheni ya Kianglikana alishughulika na juhudi za kuziunganisha lahaja za Kiluhya katika maandishi ya pamoja, akaandika sarufi ya Kiluhya kwa Kiingereza. Kwa hiyo kuieleza lugha moja kwa maneno ya nyingine ni kazi ambayo eneo hili limeifanya kwa zaidi ya karne nzima.

Sera za elimu baada ya uhuru ziliipa kila lugha ngazi yake. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilikipa Kiingereza nafasi ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa ya chini. Tume ya Mackay ya mwaka 1981 ilizaa mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, nao ukakifanya Kiswahili somo la lazima linalotahiniwa. Tangu hapo mwalimu wa Kiswahili amekuwa mtu asiyekosekana katika shule yoyote ile. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na kukifanya lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hata hivyo fomu za kazi zilibaki zilivyokuwa. Mfumo wa kutathmini utendakazi wa walimu, TPAD, unaotumika tangu mwaka 2016, hujazwa kwa Kiingereza hata na mwalimu ambaye kwa wiki nzima hakufundisha neno moja la lugha hiyo.

Ipo pia kumbukumbu ya hofu. Katika shule nyingi za Kenya mwanafunzi aliyesikika akinena lugha ya mama alivishwa kibao shingoni, wengine wakikiita disiki, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Aliyelelewa hivyo huingia kwenye barua ya maombi akiwa na mazoea ya kuogopa kosa kuliko kuogopa uongo. Mazoea hayo ndiyo yanayofanya suala hili lizidi mipaka ya sarufi.

Tajriba ni kitu gani

Kiswahili kina maneno mawili ya karibu hapa: uzoefu na tajriba. Uzoefu watokana na kuzoea. Tajriba ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya kujaribu na kujaribiwa. Tofauti yake ni kubwa, maana mtu huzoea hata kosa. Miaka kumi ya kufundisha yaweza kuwa miaka kumi ya kuzoea. Inakuwa tajriba pale ambapo mwalimu alijaribu jambo, jambo likamjibu, naye akabadilika kwa jibu hilo.

Mfano mmoja wa darasani unatosha kuonyesha. Katika lahaja nyingi za Kiluhya sauti b, d, g na j husikika zaidi zikitanguliwa na sauti ya puani, kama katika mb na nd. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa shule ya upili anaweza kutamka "kari" akikusudia gari, au "Chuma" akimwita Juma, na mara nyingine akaandika vivyo hivyo. Mwalimu anayesema tu "wanafunzi hawa wana matamshi mabaya" amezoea. Mwalimu mwingine hugundua kwamba mwanafunzi yuleyule hutamka mbuzi, ndizi, ngoma na njia bila tabu. Basi huanzia hapo: husema "mbata", halafu huiondoa m taratibu mpaka ibaki bata, kisha hupanga jozi za maneno, bata na pata, doa na toa, goma na koma, jana na chana, huku wanafunzi wakiweka kiganja kooni wasikie mtetemo wa sauti. Wiki tatu baadaye huzihesabu insha na kuona ni wangapi bado wanaandika "kari". Hiyo ndiyo tajriba: kuna tatizo lililotazamwa, njia iliyojaribiwa na matokeo yaliyopimwa.

Hapa falsafa inaleta tahadhari moja. Neno la Kiswahili la kupata elimu ni kujifunza, yaani kuifunza nafsi. Kile kiambishi ji kinatamka kwamba anayemfunza mwanafunzi, mwisho wa yote, ni mwanafunzi mwenyewe. Mwalimu hupanga, hutamka, huuliza, husahihisha. Lakini kule kuelewa hutokea mahali ambapo mkono wake haufiki. Kwa hiyo anayedai katika barua yake kwamba aliwafanya wanafunzi 45 wakiongee Kiswahili kwa ufasaha anajitwalia kazi ya watu 45. Anachoweza kukishuhudia kwa haki ni mambo mawili: alilolifanya, na aliloliona baada ya kulifanya. Kati ya hayo mawili kuna pengo, na mwandishi mkweli huliacha lionekane.

Mwalimu wa lugha wa Afrika aliyejieleza

Augustino alizaliwa Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, mwaka 354. Kabla ya kuwa askofu alikuwa mwalimu wa lugha na ufasaha: alifundisha kwao Thagaste, akafundisha Carthage, akahamia Roma mwaka 383 na Milan mwaka 384, na mwaka 386 akaiacha kazi hiyo. Katika Maungamo yake, yaliyoandikwa kuanzia mwaka 397 hivi, ameacha maelezo ya kazi ya ualimu wa lugha ambayo ni miongoni mwa ya kale na ya wazi zaidi duniani. Anataja mambo mahususi: fujo za wanafunzi wa Carthage, wanafunzi wa Roma waliomkimbia mwalimu mmoja na kwenda kwa mwingine siku ya kulipa karo ilipokaribia, na aibu yake kwamba alikuwa akiuza ustadi wa maneno kwa vijana ambao wangeutumia kushinda kesi badala ya kutafuta haki.

Mambo matatu ya Augustino yanagusa swali la Kakamega moja kwa moja. La kwanza ni lafudhi. Huyu bingwa wa Kilatini, aliyeajiriwa kukifundisha katika mji wenye kasri la mfalme, amekiri katika andiko lake jingine kwamba Waitalia walizidi kumkosoa matamshi. Umahiri haukumkinga asikosolewe, na kukosolewa hakukuufuta umahiri wake.

La pili ni lawama yake juu ya mizani iliyogeuzwa. Anasimulia kwamba katika shule za zama zake ilikuwa aibu kubwa zaidi kuacha kuitamka h mwanzoni mwa neno la Kilatini lenye maana ya mtu kuliko kumchukia mtu mwenyewe. Watu waliilinda kanuni ya sauti wakaivunja kanuni ya utu. Hakuwa akisema sarufi haina maana; alikuwa ameifundisha kwa miaka mingi. Alikuwa akisema kwamba kanuni ndogo ikikaa juu ya kubwa, elimu nzima inapinduka. Baadaye, akiwa mhubiri, alishika msimamo kwamba ni afadhali wanasarufi wamlaumu kuliko waumini wa kawaida wakose kumwelewa.

La tatu limo katika kitabu chake kuhusu mwalimu, cha mwaka 389, kilichoandikwa kwa mtindo wa mazungumzo na mwanawe Adeodatus. Hoja yake ni kwamba maneno ni ishara tu. Humwelekeza msikilizaji kwenye jambo, lakini hayawezi kumpa jambo lenyewe iwapo hana pa kulionea. Kwa Augustino anayefundisha ndani ya moyo ni Mungu. Asiyemfuata katika imani hiyo bado hubaki na nusu ya hoja: maneno ya mwombaji hayampi msomaji darasa, humwonyesha tu upande wa kutazama. Yakiwa ya jumla mno, hayaonyeshi upande wowote.

Ushahidi na kujisifu

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwalimu aliyelelewa na methali hiyo hupata tabu anapotakiwa ajitembeze kwenye karatasi. Wengine huepuka kwa kuandika kidogo mno: "Nilifundisha Kiswahili, kidato cha kwanza hadi cha nne." Wengine huruka upande wa pili na kujipaka sifa zisizo na kazi nyuma yake. Dini mbili kubwa za Kakamega zimelishughulikia jambo hili kwa undani.

Qurani, katika sura ya An-Najm, aya ya 32, inawakataza watu kujitakasa wenyewe. Papo hapo, katika sura ya Yusuf, aya ya 55, Nabii Yusuf anamwomba mfalme wa Misri amkabidhi hazina za nchi, akimweleza kwamba yeye ni mlinzi na ni mjuzi. Wafasiri wameichukua aya hiyo kuwa ruhusa ya mtu kutaja sifa zake pale haja inapokuwepo na anayeambiwa hamjui. Masharti yanaonekana katika kisa chenyewe: kazi ilikuwa ya kweli, njaa ilikuwa inakuja, na sifa alizozitaja ni zile mbili zilizohitajika kwa ghala. Yusuf hakutaja uzuri wake, ingawa watu walikuwa wameuona. Nayo sura ya An-Nisaa, aya ya 135, inawaamuru waumini wasimamishe haki kwa kutoa ushahidi hata dhidi ya nafsi zao. Mwombaji anayeandika pia njia aliyoijaribu isifaulu, na alichojifunza humo, yuko karibu na amri hiyo.

Upande wa Wakristo, Paulo katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho, sura ya 11, anasukumwa na washindani walioeleza kazi zao naye aeleze zake. Anafanya hivyo akisema wazi kwamba kujisifu ni upumbavu, kisha anaorodhesha mambo yanayohesabika: viboko, safari, kuvunjikiwa merikebu. Na kabla ya orodha hiyo anakubali kwamba huenda yeye si fundi wa kunena, ila ujuzi anao. Utengano huo wa usemi na ujuzi ndio hasa unaotafutwa na mwalimu mwenye tajriba nene na Kiingereza chenye mikwaruzo.

Marafiki wa Kaimosi walileta fundisho jingine linalofaa zaidi ya yote. Tangu karne ya 17 huko Uingereza, waanzilishi wa madhehebu hayo walikataa kuapa mahakamani, wakavumilia vifungo kwa ajili hiyo, mpaka mwaka 1696 bunge likawaruhusu kuthibitisha maneno yao bila kiapo. Sababu yao ilikuwa hii: anayeapa kwamba sasa atasema kweli anakiri kwamba kuna wakati mwingine haisemi. Kweli inapaswa kuwa na kiwango kimoja, mahakamani na sokoni. Waliambatanisha na hilo usemi wa wazi usio na mapambo, na wakakiita kile maisha yanachokisema juu ya imani ushuhuda. Kwa kipimo hicho mwalimu hawezi kuwa na kweli mbili, moja ya chumba cha walimu na nyingine ya barua ya maombi. Anayowaambia wenzake wakati wa chai kuhusu darasa lake ndiyo ayaandike, akiyavika heshima ya barua.

Hiyo ndiyo tofauti ya ushahidi na majivuno. Majivuno huweka mbele nafsi na sifa zake. Ushahidi huweka mbele jambo lililotendeka, na mtu mwingine aliyekuwapo anaweza kulikubali au kulikana. Warejelewa mwishoni mwa wasifukazi wapo kwa sababu hiyo.

Usahihi wa lugha na ukweli

Je, Kiingereza sahihi ni sehemu ya ukweli huo au ni vazi lake tu? Jibu linategemea aina ya kosa. Yapo makosa yanayoharibu ushahidi, na yapo yanayokwaruza sikio peke yake.

Tuseme mwalimu yungali kazini. Kwa Kiswahili atasema "nafundisha tangu mwaka 2015", na ni sahihi. Akiuhamisha wakati huo jinsi ulivyo, ataandika "I am teaching since 2015", na msomaji ataona kosa la sarufi lakini atapata maana. Akijaribu kurekebisha akaandika "I taught for ten years", sarufi ni safi, ila sasa amesema jambo lisilo kweli: msomaji ataelewa kwamba aliacha kazi. Anachokitaka ni "I have taught" au "I have been teaching", umbo linaloiunganisha kazi iliyoanza zamani na siku ya leo. Hapa sentensi iliyonyooka imedanganya, na ile yenye kosa imesema kweli. Vilevile neno "yeye" la Kiswahili halitenganishi mwanamume na mwanamke. Mwalimu akisimulia habari za mwanafunzi mmoja kwa Kiingereza akachanganya viwakilishi, msomaji atadhani wanafunzi ni wawili, na ushahidi wote utakosa mshiko. Makosa ya namna hii lazima yasahihishwe, kwa kuwa usahihi hapa ni ukweli wenyewe.

Aina ya pili ni kama kuacha vile vineno ambavyo Kiingereza huvitanguliza mbele ya nomino na ambavyo Kiswahili hakina, au kukosea kihusishi kimoja. Makosa haya hayabadilishi lililotendeka. Kuyaondoa ni adabu kwa msomaji, kama kufagia uwanja kabla mgeni hajafika. Adabu hiyo ina thamani, na mwalimu wa lugha, anayewasahihisha wengine kila siku, ana sababu ya kuipenda zaidi ya watu wote. Lakini uwanja uliofagiwa haumwambii mgeni kama chakula kipo.

Uwazi nao ni jambo la tatu, tofauti na usahihi. Sentensi inaweza kutimiza kanuni zote na isiseme kitu. Kipimo kizuri kinapatikana kwa Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana aliyefariki mwaka 2022, ambaye aliwahimiza wanafikra wa Afrika wazipeleke dhana walizozipata kwa lugha za kigeni katika lugha zao na kuona kama bado zinasimama. Kipimo hicho kinafaa pia kwa barua ya kazi. Sentensi za Kiingereza zinazopendwa sana katika maombi zikirudishwa kwa Kiswahili husomeka hivi: "Mimi ni mwalimu mwenye ari kubwa anayewezesha ujifunzaji unaomlenga mwanafunzi." Walimu wenzake wakisomewa hayo wangeuliza mara moja: ulifanya nini? Sentensi isiyojibu swali hilo kwa Kiswahili haikulijibu kwa Kiingereza pia. Ilikuwa imefichwa na ugeni wa maneno. Kinyume chake, "niliwapa maneno mawili mawili yanayotofautiana kwa sauti moja, tukayatamka kwa wiki tatu, kisha nikahesabu makosa kwenye insha zao" huvuka mpaka wa lugha bila kumwaga kitu.

Kutokana na hayo, maelezo mazuri ya tajriba yana mfuatano wake. Hutaja mahali na muda: shule ya aina gani, kuanzia mwaka gani hadi mwaka gani. Hutaja wanafunzi: idadi, umri, lugha ya nyumbani. Hutaja kilichofundishwa, tatizo moja au mawili yaliyojitokeza, na njia iliyotumika. Hutaja kilichoonekana baadaye na namna kilivyopimwa. Humalizia kwa alichojifunza mwalimu mwenyewe. Kila sentensi hubeba jambo moja, na kitenzi huonyesha wazi kama kazi imekwisha au inaendelea.

Haki na wajibu wa msomaji

Lipo pingamizi la msingi. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi Kiingereza kilivyofanywa kipimo cha akili ya mtoto wa Kenya, na jinsi lugha nyingine zote zilivyotakiwa kukiinamia. Kwa mtazamo huo, kumtaka mwalimu wa Kiswahili athibitishe uwezo wake kwa Kiingereza ni kuiendeleza dhuluma hiyo, hata kama barua yake ni ya kweli tupu.

Pingamizi hilo lina uzito, na linahitaji kugawanywa. Ofisi ya Kenya inayoajiri mwalimu wa Kiswahili afundishe Wakenya haina hoja ya kielimu ya kukikataa Kiswahili katika maombi. Katiba imekwisha kukifanya lugha rasmi, na barua yenyewe ingekuwa ushahidi wa kwanza wa ustadi unaotafutwa. Hali ni tofauti pale msomaji asipokijua Kiswahili. Mpango wa Fulbright unaowapeleka vijana wa nchi mbalimbali, Kenya ikiwemo, kufundisha lugha zao katika vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, unahitaji mtu atakayewafafanulia wanafunzi wanaoanza ngeli ya KI-VI na viambishi vya wakati kwa lugha wanayoielewa. Hapo Kiingereza ni chombo cha kazi yenyewe, na kukipima ni halali.

Hata hapo, wajibu hauishii kwa mwandishi. Maadili ya ushahidi yanamhusu pia anayeupokea. Jopo linaloitupa barua kwa sababu ya kihusishi kimoja, na kuipokea nyingine kwa sababu ya maneno manono yasiyo na darasa ndani yake, linarudia kosa lile ambalo Augustino alilishutumu miaka 1,600 iliyopita. Msomaji mwadilifu hutenganisha makosa ya aina mbili, huuliza kilichotendeka, na huwasiliana na warejelewa.

Jibu la swali la mwanzo basi ni kwamba kweli ya kazi inaweza kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine, mradi iwe imebebwa na mambo yaliyotendeka na isibebwe na sifa. Kiingereza sahihi huisafirisha, hakiwezi kuizalisha. Mwalimu anayeandika ombi lake na aisome barua hiyo akiwafikiria wale waliokaa madawatini mbele yake, wakitamka bata na pata huku viganja viko kooni. Kama wakisomewa kwa lugha yao wangesema "ndivyo ilivyokuwa", barua hiyo ni ya kweli, na yafaa kutumwa.